Tochi ya Lumeni Laki Moja na Betri Moja

Kila mwenye simu ya intaneti hapa Dodoma ameshakutana na tangazo la namna hii. Tochi nyeusi ya alumini, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa koti, inamulika mlima mzima. Chini ya picha yameandikwa maneno "lumeni 100,000", "inafika mita 1,500", "betri ya mAh 9,900", "inakaa na chaji saa 10", na bei ni shilingi 25,000 pamoja na usafiri wa basi hadi stendi kuu ya Nanenane. Muuzaji hataji duka wala mtaa. Anatoa namba ya kulipia na kuhimiza mteja awahi kwa kuwa mzigo unakaribia kwisha.

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo ndugu, majirani na wazazi wa wanafunzi wangu hunitumia matangazo haya wakiuliza kama ni ya kweli kabla hawajatuma pesa. Ninafurahi sana wanapouliza mapema, kwa maana wanaonunua tochi hizi huku kwetu hawanunui pambo. Ni mlinzi wa shamba la zabibu kule Hombolo au Mpunguzi, ambaye msimu wa mavuno hukesha nje hadi alfajiri. Ni mfugaji wa Bahi au Chamwino anayeamka usiku wa manane kwa sababu ng'ombe wamechachamaa zizini na fisi yuko jirani. Ni muuguzi wa zahanati ambaye umeme hukatika mama akiwa kwenye kitanda cha kujifungulia. Watu hawa hutoa pesa ya mtama waliouza ili wapate mwanga wa kutegemewa, na tochi inapofifia baada ya dakika chache, hasara yao haiishii kwenye shilingi 25,000.

Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba tangazo la uongo hubeba ndani yake namba za kulikanusha. Muuzaji anaweza kuandika lumeni zozote anazotaka, kwa kuwa anajua mnunuzi hana kifaa cha kuzipimia; lakini akishataja aina ya betri, saa za matumizi, uzito wa tochi au muda wa kuichaji, ameshatoa ushahidi ambao mtu yeyote anaweza kuukokotoa kwa kalamu na karatasi. Hesabu inayohitajika ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Tuanze na lumeni zenyewe. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, bila kujali unakwenda upande gani. Balbu ya LED ya wati 9, ambayo wengi wetu tumeifunga sebuleni, hutoa lumeni 800 hivi, sawa na ile balbu ya zamani ya waya ya wati 60. Balbu moja ya halojeni ya taa ya mbele ya gari hutoa lumeni 1,000 hadi 1,500. Kwa hiyo anayetangaza tochi ya lumeni 100,000 anatuambia kwamba ndani ya kiganja chake mna mwanga wa balbu 125 za sebuleni zilizowashwa kwa pamoja. Ni vizuri kulitamka dai kwa namna hiyo kabla ya kuingia katika hesabu nyingine yoyote, kwa sababu sifuri nyingi huzoeleka machoni, ilhali balbu 125 kila mtu anaweza kuziwaza.

Mwanga hulipiwa kwa umeme, na bei yake inajulikana. LED nzuri ya tochi, ukishatoa kinachopotea kwenye kioo na kwenye sakiti, hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Zile za bei nafuu hutoa pungufu ya hapo. Maumbile yenyewe yameweka kikomo: wati moja haiwezi kutoa zaidi ya lumeni 683, na hata hizo hupatikana kwa mwanga wa kijani mtupu wa urefu wa wimbi wa nanomita 555, ule ambao jicho la binadamu huuona kwa urahisi kuliko mwingine wote. Mwanga mweupe, ambao ni mchanganyiko wa rangi nyingi, hauwezi kufika huko kabisa. Mimi hutumia 120 kama kadirio la haki, na pale ninapotaka kumpendelea muuzaji hutumia 200.

Upande wa pili wa hesabu ni betri. Tochi nyingi za aina hii hutumia betri moja ya lithiamu ya duara yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ndiyo maana imepewa namba 18650. Umbo hilo lina nafasi yake maalumu, na kemia inayoingia humo ina mpaka: betri bora za ukubwa huu ambazo zimeenea sokoni zina mAh (miliampea-saa) 3,500 hivi, yaani ampea-saa 3.5. Volti yake ya wastani ni 3.6. Ukizidisha ampea-saa 3.5 kwa volti 3.6 unapata wati-saa 12.6, na ukizidisha wati-saa hizo kwa lumeni 120 unapata takriban lumeni-saa 1,500. Hiyo ndiyo akiba yote, kama gunia la mtama lililoko ghalani: unaweza kuitumia kwa kupimia au kwa pupa, lakini gunia ni lilelile. Tochi hiyo inaweza kutoa lumeni 1,500 kwa saa moja, au lumeni 500 kwa saa 3, au lumeni 150 kwa saa 10, ambazo zinatosha kabisa kutembea njiani na kukagua zizi.

Sasa rudi kwenye tangazo. Lumeni 100,000 kwa saa 10 ni lumeni-saa 1,000,000. Gawanya kwa wati-saa 12.6, na utakuta kwamba muuzaji anadai kupata lumeni zaidi ya 79,000 kutoka kila wati moja, yaani zaidi ya mara 100 ya kikomo cha maumbile. Hata tukimkubalia betri yake ya mAh 9,900, ambayo haipo duniani kwa ukubwa huo, akiba itakuwa wati-saa 35.6, na dai litabaki kuwa lumeni 28,000 kwa wati. Hapo hakuna nafasi ya kusema kwamba huenda ni teknolojia mpya ambayo haijatufikia.

Wapo wanaojitetea kwamba lumeni 100,000 ni za mwanga mkali na saa 10 ni za mwanga hafifu. Hoja hiyo ni ya haki, na inastahili kuhesabiwa peke yake. Lumeni 100,000 zinahitaji wati 833. Wati hizo zingeimaliza betri yetu ya wati-saa 12.6 kwa sekunde 54 tu, na ili betri izitoe ingelazimika kusukuma ampea 231, wakati betri ya 18650 iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi nzito, kama zile za mashine za kutobolea ukuta, hutoa ampea 20 hadi 30.

Shemeji yangu, ambaye ni mfugaji katika kijiji kimoja cha Bahi, alinipigia simu kuhusu tochi ya namna hii.

"Mwalimu, hii imeandikwa laki moja, na ile ya dukani mjini imeandikwa elfu moja tu. Mbona ya dukani ndiyo yenye bei kubwa?"

"Shemeji, usibishane naye kuhusu hiyo laki. Muulize tochi ina uzito gani na inajaa chaji kwa muda gani."

Aliuliza, na muuzaji akajibu bila kusita: gramu 150, na inajaa kwa saa 3 kwa chaja ya kawaida ya simu. Majibu hayo mawili yalikuwa na thamani kuliko tangazo zima.

Chukua kwanza muda wa kuchaji. Tochi za bei hii, hata ukizichomeka kwenye chaja kubwa kiasi gani, huvuta ampea 1 au pungufu, kwa kuwa sakiti yake ya kuchajia ni ndogo na rahisi. Ampea 1 kwa saa 3 ni mAh 3,000, na sehemu ya hizo hupotea njiani. Betri ya mAh 9,900 ingehitaji karibu saa 10 kujaa. Kwa hiyo muuzaji huyo alikuwa ametuambia kwa kinywa chake kwamba betri yake haizidi mAh 3,000, na inawezekana ni pungufu sana, kwa kuwa hakusema chaja inavuta kiasi gani. Swali hili ninalipenda kuliko mengine yote, maana linasikika kama la mtu anayetaka tu kujua namna ya kutumia bidhaa, na muuzaji hujivunia kutaja muda mfupi.

Uzito nao unasema mengi. Ukitoa betri, tochi ya gramu 150 ina alumini ya gramu 100 hivi. Gramu moja ya alumini huhitaji jouli 0.9 ili joto lake lipande nyuzi moja, kwa hiyo mwili mzima wa tochi huhitaji jouli 90. LED hubadilisha sehemu tu ya umeme kuwa mwanga, na inayobaki, ambayo kwa kawaida ni zaidi ya nusu, huwa joto. Ikiwa wati 500 kati ya zile 833 zimegeuka joto, mwili wa tochi utapanda zaidi ya nyuzi 5 kila sekunde. Tochi uliyoitoa kwenye koti ikiwa na nyuzi 25 itafika nyuzi 80 ndani ya sekunde 10, na hakuna mkono unaoweza kuishika. Tochi ya kweli ya wati 10 hupanda nyuzi 3 au 4 kwa dakika kabla upepo haujaanza kuipoza, na ndiyo maana tochi nzuri huwa ya vuguvugu baada ya dakika chache. Tochi inayodai lumeni maelfu na kubaki baridi mkononi kwa nusu saa imejieleza yenyewe.

Zipo tochi zinazofikia kiwango hicho kikubwa, na kuzijua kunasaidia. Imalent MS18, iliyotangazwa kwa lumeni 100,000, ina LED 18, pakiti ya betri 8, na feni ya kupooza iliyofungwa ndani yake. Uzito wake unakaribia kilo 2, na bei yake ni mamia ya dola za Marekani. Pamoja na yote hayo, hupunguza mwanga wake baada ya muda mfupi ili isiungue. Mtu akikuonyesha lumeni hizohizo kwenye kitu cha gramu 150, una haki ya kumuuliza feni iko wapi.

Jirani wa shemeji alikuwa ameshanunua ile tochi, akaniletea nyumbani Jumamosi moja tuikague pamoja. Tulifungua kifuniko cha nyuma na kutoa betri yenye ganda la plastiki jekundu, maandishi ya "9900mAh" yakiwa yamepinda kidogo upande mmoja, na kichwa chake cha chanya kikicheza kilipoguswa kwa ukucha. Betri halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Tuliipeleka kwenye mizani ya duka la viungo la jirani, ile inayopima iliki na karafuu, ikasoma gramu 31. Watu waliozifungua betri bandia za namna hii wamekuta ndani ya ganda kubwa betri ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga au mchanga. Sisi hatukuifungua, na ninamwomba kila msomaji asijaribu, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Mbele ya tochi kulikuwa na mambo mengine ya kuona. LED ilikuwa pande moja la njano lenye upana wa milimita chache, limebandikwa kwenye kibati chembamba cha duara, na kibati hicho kilikuwa kimekalia pete yenye uwazi ndani badala ya kugusana na mwili wa tochi. Maana yake ni kwamba joto la LED halina njia ya kutoka, na LED inayopata joto hupunguza mwanga na kuzeeka upesi. Waya zake zilikuwa nyembamba kuliko za spika ya redio ndogo. Ukiona mambo hayo, hakuna haja ya kuhesabu zaidi: aliyeitengeneza alijua kuwa hazitapita wati nyingi humo.

Usiku tulifanya jaribio ambalo ninampendekezea kila mtu, kwa kuwa halihitaji kifaa chochote. Tulizima taa ya sebule, tukasimamisha tochi sakafuni ikielekea dari jeupe, tukatazama chumba kilivyopata mwanga, kisha tukaizima na kuwasha balbu ya LED ya wati 9. Mwanga unaogonga dari na kurudi hupungua kiasi, kwa hiyo ni haki kumpa mwenye tochi afueni kidogo. Lakini haikuhitajika afueni ya kubishaniwa: chumba kilikuwa na mwanga zaidi kwa balbu kuliko kwa tochi, na tulipoirudia tochi baada ya nusu saa ya kuwaka, ilikuwa imefifia waziwazi. Jirani yule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo laki moja yote haifiki hata balbu ya sebule." Ndivyo ilivyokuwa.

Namba si peke yake katika udanganyifu huu. Herufi nazo zinatumika. Kampuni ya Cree ya Marekani ilitoa LED iliyoitwa XM-L mwaka 2010, na "T6" ilikuwa alama ya daraja la mwanga la LED hiyo, yaani lumeni zisizopungua 280 kwa umeme wa miliampea 700. Ikisukumwa kwa ampea 3 ilikaribia lumeni 1,000. Leo "T6" imechapishwa kwenye tochi ambazo hazina LED hiyo kabisa. Baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa LED kubwa za XHP35, XHP50 na XHP70, na wauzaji wakaendeleza mfululizo kwa namba zao wenyewe, kama vile XHP160 na XHP360, ambazo hazikutoka kwa Cree. Mnunuzi asichukue herufi hizo kuwa ushahidi wa lumeni.

Je, hakuna kipimo cha pamoja ambacho watengenezaji waaminifu hukifuata? Kipo. Mwaka 2009 kilichapishwa nchini Marekani kiwango kinachoitwa ANSI FL 1, ambacho kinaeleza namna ya kupima tochi, na watengenezaji wengi wakubwa wa dunia hukitumia ingawa kukifuata ni hiari. Kwenye boksi la tochi iliyopimwa hivyo utaona alama ndogo ndogo za picha zikiwa na namba chini yake: lumeni, saa za kuwaka, umbali wa mwale, kandela (ukali wa mwale), kuhimili maji na kuhimili kuanguka. Kuziona alama hizo si uthibitisho kamili, kwa kuwa hata mwongo anaweza kuzichapisha, lakini zinakupa namba nyingi zinazopaswa kukubaliana, na kadiri namba zinavyokuwa nyingi ndivyo uongo unavyokuwa mgumu kuupatanisha.

Hata hivyo, kiwango hicho chenyewe kinahitaji kusomwa kwa uangalifu, na hapa ndipo ninapoona wanunuzi makini wakipotea. Lumeni za FL 1 hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Tochi inaweza kung'aa kwa lumeni 2,000 wakati wa kipimo, kisha ikashuka hadi 500 dakika ya tatu, na bado lumeni 2,000 zikaandikwa kihalali. Saa za kuwaka nazo huhesabiwa hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "lumeni 2,000, saa 3" haimaanishi lumeni 2,000 kwa saa 3. Inamaanisha kwamba ulianza na 2,000, ukapitia mteremko ambao boksi halikuonyeshi, na baada ya saa 3 umebakiwa na 200. Watengenezaji wazuri huchapisha mchoro wa mteremko huo dakika kwa dakika. Mlinzi anayekesha anapaswa kuutafuta mchoro huo kabla ya kitu kingine chochote, kwa maana yeye ananunua usiku mzima, si dakika mbili za kwanza.

Jambo jingine ni umbali. Lumeni hazisemi mwale utafika wapi; kinachosema ni kandela, yaani ukali wa mwanga katika mwelekeo mmoja. Tochi yenye lumeni chache lakini kikombe kipana king'aavu kinachozikusanya inaweza kufika mbali kuliko tochi yenye lumeni nyingi zilizotawanyika. Chini ya FL 1, umbali wa mwale ni pale mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), ambao ni sawa na mwanga wa mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kanuni yake ni fupi: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa 2. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 40,000 ni mita 400. Yaani ili umbali uwe maradufu, ukali lazima uwe mara nne. Ili tochi ifike zile mita 1,500 za tangazo, inahitaji kandela 562,500, na hizo hazitoki kwenye kikombe chenye upana wa vidole viwili na betri moja iliyochoka. Tena mwanga wa mbalamwezi mwishoni mwa mwale haukutoshi kutofautisha fisi na mbwa wa jirani. Mimi huugawa umbali wa FL 1 kwa mbili, na hapo ndipo ninapoamini kwamba mtu atatambua anachokiona.

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure zinazokionyesha kwa luksi. Simama mita 5 kutoka kwenye simu, elekeza kitovu cha mwale kwenye kihisi, kisha zidisha luksi unazosoma kwa 25 ili upate kandela. Vihisi vya simu hutofautiana, kwa hiyo namba hiyo isichukuliwe kuwa ya maabara. Manufaa yake makubwa ni kulinganisha tochi mbili kwa simu ileile, usiku uleule.

Kwa mfugaji, basi, ningetazama kandela. Kwa muuguzi ningetazama mambo tofauti kabisa. Zahanatini unahitaji mwanga mpana, tulivu, usio na ubluu mwingi, unaoonyesha rangi za mwili kwa uaminifu, kwa maana kuona damu na rangi ya ngozi ya mtoto ni sehemu ya kazi. Tochi nyingi za bei nafuu hutoa mweupe wa kibluu, kwa kuwa LED za rangi hiyo hutoa lumeni nyingi kwa umeme mdogo na huonekana kali zaidi kwenye picha. Kuna kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoandikwa CRI, na kikiwa 90 au zaidi ni kizuri. Lumeni 300 za namna hiyo, zinazodumu saa nzima bila kushuka, zina maana kubwa chumbani humo kuliko laki yoyote. Nao wanaotembea nje miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Dodoma unapoinua vumbi, wajue kwamba mwale mkali sana hugonga vumbi na kuwarudia machoni.

Kuhusu picha za matangazo sina mengi ya kusema. Kamera ndiyo huamua mwanga uonekane vipi: ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa, hata tochi ya simu itamulika kilima. Mwale ulionyooka unaoonekana wote kuanzia kwenye tochi hadi mlimani, katika hewa safi isiyo na vumbi wala ukungu, yaelekea umechorwa kwa kompyuta. Maoni ya wateja yanayosema "mzigo umefika salama" hayasemi lolote kuhusu tochi. Tafuta ya mtu aliyeitumia kwa miezi, hasa aliyetaja inazimika baada ya saa ngapi.

Basi mtu atarajie nini kwa haki? Tochi iliyotengenezwa vizuri yenye betri moja ya 18650 itaanza na lumeni 1,000 hadi 2,000, itashuka hadi 400 au 600 baada ya dakika chache, na itakaa hapo kwa saa 2 au 3. Yenye betri ya 21700, ambayo ni pana na ndefu kidogo na huwa na mAh 5,000 hivi, itakwenda karibu mara moja na nusu ya hapo. Hivyo ndivyo nilivyomweleza shemeji kuhusu ile ya dukani iliyoandikwa 1,000: bei yake ilikuwa kubwa kwa sababu betri yake ilikuwa nzima na namba yake ilikuwa ya kweli. Kama pesa haitoshi, ni heri kununua tochi ya kawaida yenye lumeni 200 zilizoandikwa kwa uaminifu. Betri za akiba zinunuliwe kwa muuzaji unayeweza kumrudia, zipimwe kwenye mizani palepale, na zisichajiwe usiku watu wakiwa wamelala.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Shirika la Viwango Tanzania nalo husimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Lakini malalamiko yanahitaji ushahidi, na matangazo ya mtandaoni hufutwa upesi. Kabla ya kulipa, piga picha ya tangazo lote, likionyesha lumeni, mAh, bei na jina la akaunti, na uhifadhi ujumbe wote mlioandikiana. Mzigo ukifika, rekodi video ukiufungua, weka betri kwenye mizani mbele ya kamera, pima muda inaochukua kujaa na muda inaowaka hadi ifike nusu ya mwanga wake. Kisha mwandikie muuzaji kwa namba hizo, ukianza hivi: mlitangaza betri ya mAh 9,900, niliyopokea ina gramu 31 na inajaa kwa saa 2, mlitangaza saa 10, imefifia kwa dakika 30, naomba nirudishiwe shilingi 25,000 zangu kabla sijapeleka picha na video hizi Tume ya Ushindani.